Feni Nyuma ya Sauti ya Mama

Vumbi likiungua ndani ya kompyuta kuukuu hutoa harufu yake maalumu, ya nywele zilizopitiwa na moto na plastiki iliyokaa juani, na mimi mpaka leo nikiisikia popote, husimama nilipo. Kwetu Barani, Malindi, harufu hiyo ilichanganyika na ya karafuu na tangawizi, kwa kuwa mwaka ule nilipokuwa na miaka kumi na mmoja mama alikuwa akitafuna karafuu kutwa nzima na kunywa tangawizi iliyochemshwa mpaka ikabadilika rangi, akitumaini koo lake litafunguka. Ilikuwa kaskazi, miezi ile ya joto ambayo mtu hulala juu ya saruji tupu na bado akaamka amelowa jasho. Katika chumba cha mbele tulikuwa na meza moja, kiti cha plastiki, na kompyuta ambayo baba aliitoa kwenye hoteli iliyofungwa, kubwa, nzito, ambayo zamani ilikuwa nyeupe.

Nianze na sauti ya mama, maana asiyeijua hataelewa kilichotupata. Ilikuwa sauti nene, yenye kicheko ndani yake hata anapogomba. Akisimama mlangoni akaniita, nilimsikia dukani, kona mbili mbele, na mwenye duka alikuwa akininyang'anya peremende mkononi na kuniambia, "Nenda, mamako ashakutaja mara moja, ya pili utaijutia." Harusini yeye ndiye aliyekuwa akitangulia kuimba na wanawake wenzake wakimwitikia, na hakuhitaji kipaza sauti. Kisha sauti ikaanza kukwaruza. Tulidhani ni mafua, tukadhani ni moshi wa makaa, tukadhani ni jicho la watu. Daktari wa Mombasa alipomtazama kooni akasema kuna uvimbe mbaya, na kwamba kisanduku cha sauti kitatolewa chote. Ataishi, inshallah, lakini hatasema tena. Upasuaji ukapangwa baada ya miezi miwili.

Mdogo wangu Swaleh alikuwa na miezi mitano. Mama hakulia mbele yetu. Alichosema ni kwamba mimi na baba tumeshamsikia vya kutosha na huenda hata tumemchoka, lakini yule aliye mgongoni hatamjua. Akataka arekodiwe. Alitaka Swaleh aje asikie kwa nini alipewa jina lile, asikie wimbo aliolazwa nao, asikie maneno ya siku atakayoanza chuo na ya siku atakayooa. Yote alikuwa ameyapanga kichwani, na nilimsikia akiyakariri polepole akikanda unga wa chapati. "Picha zangu zimejaa kabatini," alimwambia baba. "Mimi nataka anisikie."

Baba alikuwa fundi wa mafriji. Kazi yake maisha yake yote ilikuwa kuliondoa joto ndani ya kitu na kulitupa nje, na alikuwa na ugonjwa wa mafundi wazuri, wa kutoweza kuiacha kazi ikiwa na dosari hata ndogo. Simu yake aliijaribu kwanza, akasema mama anasikika kama yumo ndani ya debe. Ndipo akaigeukia kompyuta. Akanunua maikrofoni, na mimi, kwa kuwa shuleni tulifundishwa kompyuta kidogo, nikapewa kazi ya kubonyeza. Nilijiona mkubwa, sikufichi.

Shida ya kwanza ilikuwa saa. Barani haina kimya. Kuna mashine ya kusaga unga, kuna kunguru, kuna watoto wa jirani. Saa pekee mtaa ulipotulia ilikuwa saa nane mchana, baada ya adhuhuri, watu wamekula na kujinyoosha. Lakini saa nane ya kaskazi ndiyo saa ya joto kali kuliko zote, na kompyuta ile ikipata joto, feni yake ndogo ya ndani ilizidi mbio mpaka ikalia kama cherehani isiyo na breki. Siku ya kwanza tulizima pangaboi, tukafunga madirisha, tukakaa watatu na mtoto tukitiririka jasho. Baba akasema, "Sema chochote, tupime." Mama akacheka. "Chochote gani? Wataka nisemeje?" Akachungulia pazia. "Maimuna, nguo umeanua? Kuna wingu lile." Nikajibu, "Bado." Akasema, "Bado, bado. Bado ndilo jina lako la pili."

Tukasikiliza. Sauti yake ilikuwapo, nzima, imekwaruzika kidogo tu, na nyuma yake feni ikivuma. Mama akasema kwake yeye ni sawa, tuanze. Baba akatikisa kichwa. "Mama Maimuna, hii si ya kumwachia mtoto. Nipe wiki moja, nitainyamazisha." Akanigeukia mimi. "Futa." Mama akamtazama, kisha akamtazama Swaleh, akasema haya, wiki moja.

Wiki hiyo baba alichana godoro kuukuu, akalibandika sponji lake ndani ya kompyuta, kila ukuta. Sauti ikazama kweli. Tukarekodi, na mama alikuwa ndiyo kwanza ametamka bismillahi na jina la Swaleh, kompyuta ikazimika yenyewe, harufu ile ikajaa chumbani. Hewa ilikosa pa kupita. Mama alicheka mpaka akakohoa. "Fundi wa baridi ameivisha blanketi," alisema, na jioni yake jirani wote walikwisha pata habari. Baba naye alicheka, lakini nilimwona baadaye ameketi barazani na bisibisi mkononi, hageuki hata akiitwa. Nadhani alikwisha sikia nilichokuwa sijasikia mimi, kwamba kile kicheko kilitoka na upepo mwingi kuliko sauti.

Tokea hapo aliifanya kazi kama anavyojua. Akafungua kila kitu juu ya mkeka. Chini ya feni palikuwa na bati la mapezi membamba, limezibwa na vumbi na chumvi ya hewa ya pwani, akalisafisha kwa mswaki pezi moja moja. Akafuta ile grisi nyeupe iliyokauka kati ya bati na moyo wa kompyuta, akatia mpya, tone la ukubwa wa choroko, akaniambia ikizidi inakuwa adui. Feni ndogo akaitupa. Alitoa kubwa kwenye mashine ya fotokopi iliyokufa, akanieleza kwamba ndogo hulazimika kukimbia, kubwa huzunguka taratibu na upepo ni ule ule. Akatoboa matundu juu, maana joto hupanda, na chini akaacha njia ya hewa ya baridi, akaiwekea kipande cha chandarua. Diski iliyokuwa ikitetemesha sanduku zima akaining'iniza kwa vipande vya tyubu ya baiskeli. Miguuni pa sanduku akatia mpira wa ndara zangu. Nilikwenda shule na viatu hata Ijumaa, siku tuliyoruhusiwa ndara, na sikulalamika, maana nilijua ni za nini.

Kila alipobadilisha kitu tulijaribu. Mama alikaa kwenye kiti cha plastiki, akasema jambo, baba akavaa visikilizio, akafumba macho, akasema futa. Nikafuta. Mama alisema leo kapata samaki aina ya changu. Alisema shemeji yake ni mchoyo. Alihesabu mpaka kumi. Siku moja aliimba kipande cha wimbo wa kumlaza Swaleh, mistari miwili, na Swaleh akanyamaza kumsikiliza, na baba akasema bado kuna mvumo mdogo, futa. Mkono huu ndio uliofuta. Nilihesabu, rekodi zilikuwa kumi na saba. Mama alikuwa akimwambia kila mara, "Baba Maimuna, siku zinakwenda," na baba akijibu kwamba kazi imebaki kidogo. Kweli ilikuwa imebaki kidogo. Kila wiki mashine ilipungua kelele, na kila wiki mama alipungua sauti, na sisi tulikuwa tukiisikiliza mashine.

Siku tisa kabla ya safari ya Mombasa ilinyamaza. Nasema ilinyamaza. Taa ilikuwa inawaka na hukusikia kitu. Ilikuwa saa nane, joto la kupasua kichwa, na baba alinishika mkono akauweka juu ya sanduku nipime, na lilikuwa na uvuguvugu tu, kama ubavu wa mbuzi. Alikuwa na furaha ambayo sijamwona nayo tena. Mama akavaa leso mpya, kana kwamba anapigwa picha. Akaketi, akamweka Swaleh magotini, akafungua kinywa. Kikatoka kitu kama ufagio ukiburutwa. Akameza maji, akajaribu tena, na mara ya tatu. Tukamsikilizisha. Kompyuta ilikuwa imenasa kila mkwaruzo, safi kabisa, bila uchafu wowote nyuma yake. Mama akavua visikilizio, akaviweka mezani taratibu. "Hiyo futa," alininong'oneza mimi, si baba. "Simwachii mwanangu mkoromo." Nikafuta na hiyo.

Upasuaji ulikwenda salama. Mama akarudi na tundu shingoni, analifunika kwa mtandio, na tukajifunza maisha mengine. Kuna kifaa cha kushikilia kooni kinachotoa maneno kwa mlio wa umeme. Alikijaribu siku moja, akaandika kwenye karatasi kwamba kinamfanya redio mbovu, akakifungia kabatini. Maneno yote aliyomwekea Swaleh aliyaandika katika madaftari mawili, na Swaleh ameyasoma. Lakini kuita haandiki mtu, basi huita kwa makofi. Kofi moja ni mimi, mawili ni Swaleh. Baba alirudi kwenye mafriji yake. Ile kompyuta hakuitumia kwa lolote, ila mara nyingine niliingia chumba cha mbele nikamkuta ameiwasha na ameketi mbele yake. Nilikuwa namkasirikia. Nilimkasirikia miaka na miaka, kwa heshima, nikimwamkia shikamoo kila asubuhi.

Sasa niseme nisichomwambia mtu. Ile ya kwanza kabisa, ya nguo na wingu, sikuifuta. Ilikuwa na jina langu ndani yake, na mtoto wa miaka kumi na mmoja hapendi kufuta jina lake. Niliificha kwenye kazi zangu za shule, na baadaye nikaihamisha kila nilipobadili simu au kompyuta. Mwanzo sikusema kwa woga, kwa sababu nilikaidi amri. Nilipokua, woga ukaisha, nikaendelea kunyamaza kwa kinyongo, nikijiambia kwamba aliyeagiza futa hastahili kusikia. Baba alifariki mwaka jana. Amekufa akiamini kwamba hakuna kilichobaki, na ningeweza kumtoa imani hiyo kwa kubonyeza kidole mara moja. Hilo ni langu, wala simtafutii mtu wa kunisaidia kulibeba.

Siku hizi nafanya kazi Kilifi, na kompyuta ninayoibeba mkobani haina feni hata moja. Haipati joto na haitoi sauti, na hakuna aliyekesha kwa ajili yake. Swaleh ana miaka kumi na mitano, anatuma sauti yake kwa simu kutwa, anarekodi na kufuta bila kufikiri. Mwenzangu wa kazini aliwahi kunisafishia ile rekodi kwa programu. Feni ikaondoka yote, alichotaka baba kwa miezi miwili kikapatikana kabla chai yangu haijapoa. Lakini mama alibaki mwembamba, kama mtu mwingine anayemwigiza. Nikairudisha ilivyokuwa. Ile feni iko ndani ya sauti yake sasa, haibanduki.

Mwezi uliopita nilikuwa Barani, mimi na Swaleh tukipanga vitu vya baba, na tulipoifikia ile kompyuta nikashindwa kujizuia. Nikamkalisha kwenye kiti, nikamchezea ile rekodi kwenye simu yangu. Feni ikavuma, kisha maneno yakaja, nguo, wingu, bado, bado ndilo jina lako la pili. Swaleh akacheka. "Huyo mtoto ni wewe," akasema. "Na huyo mwanamke ni nani?"

Jikoni mama akapiga makofi mawili, na Swaleh akainuka palepale, kama anavyoinuka tangu alipojua kutembea. "Naitwa," akasema. Alipofika mlangoni nikamwambia, "Ndiye huyo huyo anayekuita." Akasimama. Akaitazama simu, akatazama kule jikoni, akarudi akaketi. "Rudisha mwanzo," akaniambia. Nikarudisha. Makofi mawili yakalia tena, kwa nguvu zaidi, na kwa mara ya kwanza maishani mwake Swaleh hakuenda.