Vidonge Chini ya Godoro

Mimi ni mtu mzima, nafundisha shule ya msingi huku Kirumba, naimba sauti ya pili kanisani, na kwa miaka miwili nimeficha vidonge chini ya godoro langu mwenyewe. Homoni zilikuwa zimevurugika: hedhi inakuja inapojisikia, kidevuni ndevu. Daktari akanipa vidonge vya kuziweka sawa. Balaa lake, ni vile vile vya uzazi wa mpango. Mwanakwaya, hana mume, anameza hivyo? Wangenimaliza!

Likizo iliyopita nilirudi kutoka Dar kwa basi, nimekaa kitako kutwa nzima kwa sababu dirishani pazuri. Kushuka stendi ya Nyegezi, mguu wa kushoto unavuta. Kesho yake umevimba, shavu la mguu limekaza na lina joto. Kwetu mguu ukivimba hauendi hospitali, unachuliwa. Shangazi, aliyenilea tangu mama afariki, akavuka ziwa na kivuko cha Kamanga kuja kuniuguza, akiwa na chupa ya samli.

Shangazi ana mikono ya mtu aliyekamua ng'ombe maisha yake yote. Alinichua asubuhi na jioni, nami nikapiga kelele mpaka majirani wakaja kutoa pole.

"Vumilia mwanangu, damu inafunguka."

Siku ya tatu mguu ulikuwa mzito na umeanza kubadilika rangi. Shangazi akanywea. Akanipeleka hospitali mwenyewe, akaingia nami hadi ndani kwa daktari, akakaa.

"Kuna dawa yoyote unatumia?" daktari akauliza. "Hata za uzazi wa mpango?"

Nikamtazama shangazi. Yeye akatazama dari.

"Hapana, daktari," nikasema, kwa sauti ile ile ya kanisani.

Daktari akasema huenda ni misuli, uchovu wa safari. Akaanza kuandika dawa ya kupaka. Nilifurahi, jamani. Mguu unaoza, mimi nafurahia heshima yangu.

Hapo shangazi akafungua pindo la kanga, akatoa paketi ya vidonge vyangu, akaiweka mezani.

"Anakunywa hizi. Siku hizi tatu mimi ndiye ninayemtandikia kitanda."

Nilitamani sakafu ipasuke. Daktari aliacha kalamu, akaniuliza upya kila kitu, na safari hii nikajibu. Akanipeleka kupigwa picha ya mshipa. Kulikuwa na bonge la damu. Akaeleza kwamba vidonge vile, na uzito wangu, na kukaa kutwa kwenye basi, vyote vinaweza kugandisha damu, na kwamba bonge likisukumwa linaweza kupanda mapafuni likaua. Mguu wa namna hii hauchuliwi kabisa.

Shangazi alitazama mikono yake, akaificha ndani ya kanga. Sijawahi kumwona akiogopa namna ile, na mimi pia niliogopa.

Jioni, nikiwa wodini na sindano za kuzuia damu kuganda, aliniuliza taratibu, "Kwa hiyo zile ni za homoni tu?"

"Za homoni tu, shangazi. Sikumwambia daktari kwa sababu ulikuwepo. Niliona aibu."

Akanirekebishia shuka.

"Mimi nilipoziona nilinyamaza kwa sababu nilifurahi," akasema. "Nilijua hatimaye umepata mtu."