Njegere Moja ya Samaki

Jumanne asubuhi simu yangu iliita, nikaona ni yule mzee wa Makambako, nikapokea kwa mazoea yetu bila hata salamu: "Samaki hajambo, mzee!" Sauti ya mwanamke ikasema, "Samahani, baba. Mimi ni jirani yake. Mwenye simu ametutoka jana jioni. Tunapiga namba alizopiga mwisho, na ya kwanza ni yako." Nilibaki na simu sikioni hapa Njombe, chai inapoa, nikimtazama samaki wangu akizunguka kwenye tangi lake la kioo, mzima wa afya. Niliona aibu. Na niseme kweli, nilijisikia mpweke kuliko siku zote.

Wasomaji wangu wa siku nyingi mnajua kwamba naishi peke yangu. Mke wangu alitangulia, na binti yetu alipohamishiwa Dodoma kikazi aliniachia samaki mmoja wa mapambo, mwekundu, mnene wa tumbo, pamoja na agizo: "Baba, huyu asife." Tangi nikaliweka kwenye meza ya chakula. Sasa, mimi nimelelewa na mama wa Kibena ambaye hakuruhusu mtu atafune huku mwenzake amekaa mikono mitupu. Kila nikikaa kula, samaki anakuja kwenye kioo, ananikodolea macho. Nitamezaje? Nikawa namkatia tonge. Kiporo asubuhi, ugali mchana, ugali jioni. Ilikuwa Julai, baridi ile yetu ya kuvaa koti ndani ya nyumba. Siku moja nikamkuta anaelea tumbo juu, mapezi yanahangaika, kila akijaribu kuzama anarudi juu kama kizibo. Nimwambie binti yangu? Thubutu! Niliulizia sokoni, muuza chakula cha kuku akanipa namba ya afisa uvuvi mstaafu, mtu wa Lupingu, kule ziwani, aliyebaki Makambako baada ya kazi kwisha. "Mlete nimwone," alisema. Nikamtia samaki kwenye ndoo, nikaifunika kwa kanga ya marehemu mke wangu, nikapanda gari.

"Kamwene, mwandishi," alinisalimu kwa lugha ya kwetu mlangoni, akiwa amekwisha kuinama kwenye ndoo. "Unamlisha nini?" Nikamwambia ugali. "Ugali! Na mboga unampa?" Nikajitetea: "Mzee, nikila ananitazama. Nitakulaje mtu ananitazama?" Alicheka hadi akakohoa. Kisha kicheko kikamwishia, akaniuliza taratibu kama huwa nakula peke yangu. Nikasema ndiyo. "Haya," akasema, na hatukuligusa tena jambo hilo.

Akanieleza kwamba samaki ana kifuko cha hewa ndani kinachomweka sawa majini, asielee wala asizame. Tumbo likishindiliwa linakibana, na kwenye maji ya baridi kama ya Njombe chakula hakishuki upesi, basi mgonjwa anapinduka. Akamhamishia kwenye tangi lake mwenyewe, akapunguza kina cha maji ili asihangaike, akayapasha joto kidogo kidogo. "Siku tatu hali kitu. Siku ya nne tutampa njegere. Akipona, amepona. Wengine kifuko chenyewe kimeharibika, na hao siwezi kukudanganya, sina dawa." Alinitaka nije mwenyewe siku hiyo ya nne.

Nilikwenda. Samaki alikuwa bado amelala upande, lakini amezama nusu. Mzee alitoa njegere moja iliyochemshwa, akaimenya ganda, akaiponda kwa vidole, akamdondoshea. Jikoni nilikuta sufuria nzima ya njegere, imeungwa vizuri, na wali, na sahani mbili zimefunikwa. "Ya samaki ni moja," alisema. "Hizi ni zetu." Nilikula upesi upesi, maana nilikuwa na safu ya kumalizia, nikaaga kabla hajamaliza sahani yake. Kesho yake alinipigia kwamba mgonjwa amesimama sawa. Nikamfuata, nikamchukua mlangoni, nikashukuru, nikaondoka. Sikurudi tena.

Yeye ndiye aliyekuwa akipiga, karibu kila wiki. "Samaki hajambo?" Hajambo, mzee. "Basi vizuri." Niliona ni ufundi wake tu, anafuatilia kazi yake.

Msibani pale Makambako, wakati wanasubiri gari la kumpeleka Lupingu kuzikwa, nilikaa na watu watatu nisiowajua, na mmoja akataja samaki. Kumbe wote tuliwahi kuja na ndoo! Wote tuliambiwa "mlete nimwone." Wote tulipikiwa njegere. Na mama mmoja akasema neno lililonichoma: "Lakini ile dawa si ya kufanya nyumbani tu? Angetuelekeza kwa simu." Kweli. Njegere ziko katika kila jiko la Njombe. Niliingia sebuleni kwake nikaona lile tangi. Hakuwa na samaki wake hata mmoja. Maji yalikuwa safi, yamepashwa joto, kipimajoto kimo ndani, yanangoja mgonjwa.

Siku hizi hatutembeleani bila shida. Mtu akibisha hodi mikono mitupu, hana mchango wala kadi ya harusi, tunamuuliza, "Kuna nini?" Kila mtu yuko mbioni na mbao zake na parachichi zake, na mimi na makaratasi yangu. Mzee yule alilijua hilo, akajitafutia kazi ambayo ingemletea watu, na tulipokwisha kutibiwa hatukuwa na sababu ya kurudi. Mimi niliyekuwa nagawana tonge na samaki kwa upweke nilishindwa kumtambua mpweke mwenzangu aliyeniwekea sahani. Hilo nalijutia, na wewe unayesoma, kama yupo wa namna hiyo unayemfahamu, nenda leo. Usingoje samaki apinduke.

Jumapili, siku moja kabla hajafa, alinipigia. "Samaki hajambo?" Hajambo, mzee. "Hana shida yoyote?" Hana. Akauliza tena: "Anaelea vizuri?" Vizuri kabisa, nikasema, huku naandika. Ningeweza kudanganya tu. Ningesema anapinduka kidogo, mzee, sijui kwa nini. Angeniambia nimlete.