Mvua ya Kibuta Iliyolala Ubavu

Mwaka 1984 dereva hodari Kibaha nzima nilikuwa mimi, lakini siku ile kazi ilikuwa ya Laurensia, mwenzangu ofisini. Alikuwa anachora kwa kompyuta ya ofisi grafu ya mvua ya mwaka mzima ya kata ya Kibuta, wageni waje kuiona. Mkuu wetu, Bwana Ponsiano, alishamwonya: akikosea, anarudi kupiga taipu.

Mashine ikatoa karatasi yenye mchoro wa alama za nyota, kama mlima uliolala ubavu.

"Dada, Kibuta mvua inanyesha kutoka pembeni?" nikamtania.

"Mwinshehe, nyamaza!"

Nje wale wageni walishaanza kushuka kwenye gari. Laurensia, jasho linamtoka, akaisoma tena amri yake.

"Nimeipa safu ya mvua kwanza. Yenyewe inataka miezi ianze!"

Akazibadilisha nafasi zile safu, akabonyeza. Mlima ukasimama, kilele Aprili.

Ponsiano akaingia na wageni, akauchukua ule mchoro, akautazama.

"Kesho uchore mvua ya kata ya Chole."