Dakika Arobaini za Mama Sijaona

Haijanitoka akilini, mwanangu, ile asubuhi muuguzi mmoja aliposhuka kwenye bodaboda mlangoni pa ofisi yangu, mtaani Kwa Mathias. Nilimwamkia shikamoo, hakuitikia. Nakusimulia nikiwa na hasira, na sitaificha. Jana nilikusikia ukimwambia kwenye simu mteja aliyelalamikia programu yako, "Mbona kwangu inafanya kazi?" Kisha ukacheka.

Na mimi niliwahi kucheka hivyo. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, nimeandika programu ya kompyuta kwa zahanati moja ya Kisarawe. Unaingiza tarehe ya kuzaliwa ya mtoto, yenyewe inahesabu umri na kuchapa kipimo cha dawa. Siku moja Mama Sijaona, muuguzi mkuu wa pale, akanipigia: mtoto wa miezi mitatu kaandikiwa dawa ya mtoto wa miezi kumi.

"Utakuwa umekosea kuandika, mama," nikamwambia. Nikamwelekeza afute, aandike umri mwenyewe, nikarudi kwenye chai yangu.

Wiki iliyofuata zamu ilikuwa ya muuguzi mgeni, naye akaiamini karatasi. Mtoto mwingine, Shabani, akanyweshwa dawa iliyozidi, akalazwa hospitali. Ndipo Mama Sijaona alipokuja na ile bodaboda, kadi ya Shabani mkononi.

"Nilikuletea kosa, ukanibandikia mimi," alisema. "Kaa. Litafute mbele yangu."

Tukaingiza tarehe mojamoja. Waliozaliwa tarehe kumi na tatu na kuendelea, umri ulitoka sawa. Waliozaliwa kabla ya hapo, programu ilisoma siku kuwa mwezi na mwezi kuwa siku, kwa hiyo tarehe mbili mwezi wa tisa ikawa tarehe tisa mwezi wa pili. Mimi nilikuwa nimeijaribu kwa tarehe yangu ya kuzaliwa tu, ishirini na nne, nikaridhika. Uvivu mtupu, sina jina jingine la kuupa.

Mama Sijaona akatazama saa ya ukutani. "Dakika arobaini," akasema. "Ndizo ulizoninyima wiki iliyopita?"

Nilirekebisha programu, kisha nikaenda wodini. Mama yake Shabani alinishukuru kwa kuja kumjulia hali mtoto. Nilipomweleza kwamba kosa ni langu, alimfunika mwanawe, akaniambia nitoke. Nikatoka. Shabani alipona siku ya nne, lakini mama yule hakutaka kuniona tena, na sikumlaumu.

Basi nisikilize. Mtu akikuambia programu yako imekosea, mwamini kwanza, ubishi uje baadaye. Mwombe akuonyeshe alichoingiza na kilichotoka, kisha ulirudie kosa lile mpaka ulione kwa macho yako. Usifute alama yake ukadhani umelitibu. Fuata linapoanzia, na ukishalirekebisha, jaribu na tarehe usizozipenda, zile zinazoweza kukuumbua. Halafu mpigie yule mtu umwambie ukweli, hata kama utakuaibisha. Na leo, kabla hujala, mpigie huyo mteja wa jana umwombe radhi.

Hasira yangu ni ya mzazi, mwanangu. Mungu akupe macho ya kuona kosa lako kabla halijamfikia mtoto wa mtu, na akupe ulimi wa kulikiri. Akulinde, wewe na wote watakaoitegemea kazi yako. Amina.