Timu ya Nyota Barazani kwa Mjomba

Likizo iliyopita baba alinituma nikakae na Mjapani. Baba ni dresa, mfunga vidonda, katika hospitali ya Mtwara. Huyo Mjapani alikuwa mpishi wa meli iliyokuja bandarini kupakia korosho. Aliteleza ngazini, mguu ukavunjika, meli ikaondoka bila yeye. Akawa amelala wadi ya wanaume, mguu umefungwa plasta mpaka pajani, akingoja meli nyingine ya kampuni yake.

"Wewe unasoma Kiingereza na hujamsemesha mtu," baba aliniambia. "Naye Kiingereza chake kibovu. Mtafaana."

Ni kweli, mimi si msemaji. Shuleni mwalimu akiita majina asubuhi sauti hunikwama, na mara nyingine nimeandikwa sipo nami nimekaa pale pale. Lakini mbele ya mtu anayepapasa maneno kama anayetafuta kiberiti gizani, haya ilinipungua. Tulisaidiana kwa mikono na kwa kuchora kwenye vumbi la dirisha.

Siku moja wakala wa meli alimletea barua ya kwao. Aliisoma, akajifunika nayo uso, mabega yakawa yanamtikisika. Nikadhani msiba, nikaanza kutafuta Kiingereza cha kutoa pole. Kumbe anacheka.

Alinieleza polepole. Kwao kuna mchezo unaitwa besiboli: mmoja anarusha mpira mdogo mgumu kama jiwe, mwenzake anaungoja na rungu. Klabu zao zimegawanyika ligi mbili, na mwaka mzima zinawindana. Halafu ikifika Julai ligi zinasimama. Watu wa kawaida, wauza samaki, wanafunzi, akina mama wa majumbani, wanaandika kwenye kadi za posta majina ya wachezaji wanaowapenda, wanazipeleka posta. Waliopata kadi nyingi wanakusanywa, kila ligi inatoa timu yake ya nyota, na timu hizo mbili zinapambana. Kila mchezaji anavaa jezi ya klabu yake mwenyewe, kwa hiyo utaona mahasimu wa juzi wamesimama mstari mmoja, rangi mbalimbali, upande mmoja. Na mwaka huu katika mstari ule atasimama mdogo wake. Mtoto wa wavuvi, aliyekuwa akirusha mawe baharini mpaka mama yao anamfokea.

"Itatangazwa redioni," alisema. "Nataka kusikia jina lake likiitwa. Jina tu."

Redio ya kushika stesheni za mbali niliyoijua ilikuwa moja, ya mjomba wangu kule Likombe. Na mjomba wangu alipigana na Wajapani. Alikwenda Burma na jeshi la Waingereza pamoja na rafiki yake mmoja wa kijiji cha Kitaya, akarudi peke yake, mkono wa kushoto una vidole vitatu. Huyo rafiki hatumtaji mbele yake. Nilikaa na jambo hilo kifuani kama mfupa wa samaki. Kwetu mjomba ndiye mwenye neno. Akikataa hakuna wa kumrudia.

Nilimkuta barazani na wenzake wakicheza bao. Nikatoa shikamoo, nikasimama. Fundi baiskeli, jirani yake, akasema shule imenifundisha kunyamaza kwa Kiingereza. Wakacheka. Basi nikasema yote kwa pumzi moja nikitazama miguu yangu: mgonjwa, mdogo wake, kadi za posta.

Fundi alikwama kwenye habari ya kadi. "Watu wamchague mcheza mpira? Sisi hata Liwali hatukuulizwa."

Mjomba hakucheka. Alishika kete mkononi muda mrefu.

"Huyo Mjapani, mguu umevunjika kweli?"

"Kweli, Mjomba."

"Basi hatakimbia. Mlete."

Siku ya mechi nilimpakia kwenye keria ya baiskeli, mguu wa plasta umechomoza mbele kama ngazi, nikasukuma mpaka Likombe huku watoto wanatufuata. Tulifika watu wametoka sala ya adhuhuri. Mgeni aliposhuka na magongo yake aliinama kwa heshima, akainama mno, akaanza kuanguka. Mjomba alimdaka kwa mkono wake ule wa vidole vitatu. Walitazamana. Kisha mjomba akamwonyesha kiti, mwenyewe akakaa mkekani karibu na redio.

Mgeni alikuwa na karatasi ya namba za masafa. Nilizungusha kile kidude taratibu. Zikapita filimbi, taarabu, mtu anayehutubia, kisha bahari ya watu. Mgeni akainua mkono. Hapo hapo sauti ikaanza kuzama. Betri ilikuwa ya siku nyingi.

Nilimtazama mgeni. Jasho lilimtoka puani. Mjomba akaichomoa betri mwenyewe, akaenda kuiweka juani katikati ya makopa ya muhogo ya mkewe, akachuchumaa pale akiigeuza kama anayechoma samaki. Tulibaki na redio tupu. Nikawa nawaza kwamba hivi sasa kule majina yanasomwa.

Alipoirudisha, sauti ilitoka kubwa mpaka kuku wakatawanyika. Mgeni alininong'oneza kuwa kwao sasa ni usiku, lakini wamewasha taa nyingi hata nyasi zinaonekana moja moja. Niliwaambia wazee. Fundi akatazama jua la kwetu, akatazama redio, akavua kofia akaivaa tena. Usiku wao ulikuwa umeingia barazani kwetu mchana.

Kisha mtangazaji akabadilisha sauti. Akataja jina, akanyamaza. Watu wakanguruma. Akataja jingine, akanyamaza. Mjomba aliinuka. Alisimama wima, mikono imenyooka ubavuni, jinsi ambavyo sijapata kumwona akisimama maishani.

"Wanasoma waliokufa?" aliniuliza chini chini.

"Hapana, Mjomba. Ni wazima. Ndio waliochaguliwa."

"Wote wazima?"

"Wote."

Hakukaa. Alibaki amesimama, anasikiliza kila jina la Kijapani hadi mwisho wake, na midomo yake ikawa inacheza kidogo. Fundi naye akasimama, asijue kwa nini. Ndipo likaja jina ambalo mgeni alikuwa amenifundisha kulitamka wadini. Nililijua kabla yeye hajatikisika. Ngurumo iliyofuata ilikuwa ndefu, watu elfu na elfu kwa ajili ya mtoto wa mvuvi, na mgeni alikuwa amefumba macho, mikono juu ya magoti, kama anayenyeshewa mvua.

Alipofumbua aliniomba nizime. Alikuwa amesikia alichotaka, betri si yake. Nilimfasiria mjomba.

"Mwambie akae," mjomba alisema. "Mdogo wake hajacheza bado."

Basi tukasikiliza mchezo tusioujua kwa lugha tusiyoijua. Tulikuwa tunautazama usoni kwa mgeni. Akikunja uso, fundi anasikitika. Akitabasamu, mkeka mzima unatabasamu. Sauti ikawa inapungua. Mgeni akasogea, tukasogea. Ilipokuwa nyembamba kama mbu aliweka sikio juu ya kitambaa cha redio, akainua kidole: sasa. Mdogo wake ameshika rungu.

Nilikaa karibu kuliko wengine, na nilijua dakika ile sauti ilipokatika kabisa. Mgeni hakuondoa sikio. Uso wake ulikuwa bado unafuata kitu, unangoja, unakaribia kutabasamu. Nilifungua mdomo nimwambie, mjomba akanigusa goti, akatikisa kichwa.