Mchumba wangu anapokea pole za vita alivyopigana kaka yangu

Admin, nifiche mimi tu, yeye hata akijijua sawa. Nina miaka 26, nafundisha chekechea hapa Singida Mjini, kwetu ni Sepuka. Nimechumbiwa na mtoto wa tajiri mwenye mashine ya kukamua alizeti. Amesoma, ana sura, gari la baba yake anaendesha yeye, na kazi hana wala hatafuti.

Ugomvi wetu umeanzia kwenye kitabu. Ni riwaya ya zamani ya Kizungu, inahusu vijana wa kitajiri ambao vita vimeisha wao wanabaki kuzurura, kunywa na kupendana ovyo huku wakijiuliza wao ni nani. Alinipa, nikaisoma yote. Sikatai, imeandikwa vizuri, na yule kijana wa mle ndani nilimwonea huruma maana angalau alivaa gwanda. Lakini mwenzangu imempanda kichwani. Mama yake akimwamsha saa tano asubuhi anajibu, "Mama niache, sisi ni kizazi kilichochoka." Kachoshwa na nini? Hata gunia la alizeti la baba yake hajawahi kubeba.

Sasa, nina kaka mmoja tu. Alikuwa mwanajeshi, akapelekwa kulinda amani nje ya nchi, akarudi mkono wa kushoto haukunjiki. Siku hizi anachunga ng'ombe kule nyumbani. Mambo ya huko hajawahi kumwambia mtu, hata mama. Siku walipoleta ng'ombe wa mahari, mchumba wangu alimfuata machungani wakashinda wote. Jioni kaka karudi macho mekundu, lakini mwepesi. Nilifurahi jamani, nikasema huyu ndiye mume.

Kumbe mwenzangu alikuwa anachota. Wiki iliyopita kaniita hoteli moja hapa mjini, marafiki zake wamejaa, anawasomea hadithi anayoiita ya maisha yake. Inaanza, "Mimi nilipotoka vitani." Wewe! Vita gani? Akasoma jinsi rafiki yake alivyouawa akimenya viazi, na kwamba tangu siku hiyo yeye hawezi kutia kiazi mdomoni. Nyumbani tunajua kaka hali viazi, sababu hatukuwahi kuijua. Nimeijulia pale, kwenye mdomo wa huyu mtu, dada mmoja kati ya marafiki zake analia na wanaume wanampa pole, na yeye anazipokea. Alipomaliza akaagiza chipsi.

Nilimvuta nje. Nikamwambia, "Hayo ni ya kaka yangu." Akacheka. "Bebi, hiyo ni sanaa. Shemeji mwenyewe hasomi vitabu, atajulia wapi?" Namchukia.

Ningeshamtupia pete yake usoni, shida ni wale ng'ombe. Kwetu ng'ombe wa mahari ya dada ndio kaka anaowatumia kuoa, na hawa walishavuka kwenda kwa wazazi wa wifi yangu. Nikivunja uchumba watadaiwa, kaka hana wengine wa kuwarudisha, na wakwe zake si watu wa kubembelezwa, watamchukua binti yao. Ndoa yenyewe bado changa. Na tangu wifi aingie pale nyumbani, kaka analala hadi asubuhi bila kupiga kelele.

Kaka hajui kitu. Jana kanipigia mwenyewe, nikamwamkia, akaitika kwa furaha ambayo sijaisikia miaka.

"Mwambie shemeji aje Jumapili," akasema. "Siku ile sikumaliza. Kuna mengine nimeyabana, nataka nimwambie yeye."

Nikamjibu, "Sawa kaka, nitamwambia." Sijamwambia.

Ndugu zangu mnaosoma hapa, msinitukane, nishaurini. Nimpeleke huyu mwizi akamalizie kuchota, au nimwambie kaka ukweli, akose mke na akose tena mtu wa kumweleza?