Matanga ya Mashini ya Mupunga

Mpaka leo nikifika soko ya Kabambare kuna watu, tena watu wazima wenye wajukuu kama mimi, wananiuliza mashini ilizikwa wapi. Ninanunua sabuni yangu, ninaenda zangu. Ni kweli nililia mashini. Nililia na mikono juu ya kichwa, mbele ya prefe, mwalimu mukuu wa shule, na juri na wazazi wote, na mashini yenyewe haikukuwa hata mashini, ilikuwa pipa lililopakwa rangi, na mujukuu wangu Faida amejificha nyuma yake na mikro ya kusemea. Haya, aibu mumeijua. Sasa musikie vile ilifika, maana wanaoisimulia wanaongeza yao (kuna mumoja anasema kikwembe changu kilianguka, ni uongo, kikwembe kilibaki mahali pake).

Faida ni mutoto wa binti yangu, nimemulea mimi kule Wamaza tangu anatambaa, na tangu zamani anataka kitu kimoja tu, kusema mu radio. Alipokuwa mudogo alishika gunzi la mahindi mbele ya mudomo akatangaza nani amepita njiani na mbuzi ya nani imeingia mu shamba ya nani, mpaka majirani wakaacha kutusalimia. Sasa shule yake ya Kabambare ikafanya konkuru, mashindano ya hadithi: kila mwanafunzi anaandika hadithi ya wakati ambao haujafika, ya mashini zinazosema na kuwaza kama watu, halafu anaisoma mbele ya juri, na atakayeshinda anaenda Kasongo kusoma hadithi yake mu radio. Kwa Faida huo ulikuwa mulango, na hakuuona mwingine. Nikapanda pikipiki kutoka Wamaza, kwa ile barabara mbovu, nikafika na matope mpaka mu masikio, kwa sababu mutoto wangu akisoma mimi siwezi kukaa nyumbani kupepeta muchele.

Prefe akanionyesha benchi ya wamama, kule nyuma, karibu na mulango. Hapo ndipo mambo yote yalianzia. Nikamuambia aliyebeba huyu mutoto mugongoni atakaa mahali anapoona, nikaenda mbele kabisa, nikakaa ku kiti kimoja pembeni ya meza ya juri, kiti cha mukubwa fulani ambaye hakukuja. Jirani yangu Mama Mwamini, tuliyekuja naye, akanivuta mukono, nikaurudisha mukono wangu. Na pale ku meza, chini ya kidevu changu, kulikuwa mikro ya juri ya kuulizia maswali, na nyaya zake zilienda mu bafle, zile spika za ndani, na mu ile pembe kubwa ya sauti iliyofungwa juu ya paa ili watu wa nje nao wasikie. Hakuna aliyeniambia imewashwa. (Wanasema waliniambia. Hawakuniambia.)

Faida akaanza. Pipa likasema. Ilikuwa mashini ya kukoboa mupunga, mashini yenye akili, imebaki peke yake mu kijiji, watu wote wamehama na haijui. Kila asubuhi inaita: wamama, kumekucha, mupunga wenu uko wapi? Hakuna anayeitika. Halafu pori linakuja, na Faida alilifanya pori kama mama mukwe, siku ya kwanza linakuja kusalimia tu, siku ya pili linakuja na mukeka wake. Kamba za pori zinaikumbatia shingo. Mvua inaiambia nyamaza, mutoto, nikuoshe, na kumbe kule kuosha ndiko kunaleta kutu, na kutu inaingia mu koo. Na mashini, sauti imeanza kukwama, inaita bado.

Munielewe. Sisi Wamaza tulikuwa na mashini yetu. Siku ilipovunjika wamama tulirudi ku kinu na muchi, na mikono yangu haijasahau mpaka leo. Sasa mutu anaweka mashini ya namna hiyo mbele yangu, anaipa mudomo, anaipa moyo, anaiacha peke yake mu mvua, halafu anataka nikae kama kinu? Pipa likasema, pole pole, na sauti ya Faida ile ya mutoto mwenye homa:

"Wamama, munaniacha na nani?"

Kisha kimya.

Nikafungua kilio.

Na kilio changu, wanaonijua wanakijua, kinavuka muto. Siku ile kikaingia mu mikro, kikapanda juu ya paa, kikatoka ku ile pembe. Kwetu mwanamuke muzee akifungua kilio hakuna anayeuliza kwanza, unaweka chini ulichoshika, unalia, jina la marehemu utaliuliza baadaye. Mama Mwamini akapokea (alikuwa amesinzia, hata mashini hakuijua), benchi yote ya nyuma ikapokea, wanaouza soko wakapokea. Wamotari wakazima pikipiki. Watu wakaanza kuingia mu kiwanja cha shule na unga, na majani ya sombe, na kuni, na mikeka. Bwana mumoja ambaye mama mukwe wake alikuwa mugonjwa akaja anakimbia na machozi, anaita mama, mama, na mama mukwe mwenyewe nyuma yake anajikokota na fimbo, anauliza watu nani amekufa.

Prefe akasimama, akashika mikro ile ile.

"Mama, marehemu ni nani?"

Nikaangalia watu wote wale. Nikaangalia unga wao. Nikasema, "Ni mashini."

Sitasimulia vile walicheka. Yule mama mukwe ndiye aliyecheka kupita wote, hata kama kwa ugonjwa wake hakukuwa na pumzi ya kucheka. Lakini mimi sikuwaona hao, nilimuona Faida anatoka nyuma ya pipa, karatasi mu mukono.

"Haikukufa, Koko," akaniambia, vile anavyoita nyanya yake. "Ilibaki ukurasa moja. Haikukufa."

Juri wakaongea masikio kwa masikio, wakasema wakati wake umekwisha, na asiyefikisha mwisho hapewi pointi, hiyo ni sheria ya wote. Nikawaambia wakati ule nimeukula mimi, kosa waniandike mimi. Wakaniomba nirudi ku benchi ya nyuma. Aliyeenda Kasongo ni kijana mumoja aliyeandika habari ya simu inayojua kupika, hadithi kavu kabisa, lakini nyanya yake alibaki nyumbani kwake akafunga mudomo.

Na bado haikukwisha, maana chakula kilicholetwa ku matanga hakirudi nyumbani, utakirudishaje? Wamama wakawasha moto pale pale mu kiwanja, masufuria yakapandishwa. Na watu wakishakaa ku mikeka ya matanga wanataka kujua maisha ya marehemu. Yule mama mukwe akamuita Faida, akamuambia tumekuja kwa miguu yetu, tupe basi mwisho wake tujue ilikuwaje. Faida akakataa. Akaombwa. Akasoma bila mikro, amesimama, amenigeuzia mugongo, na sauti ya hasira.

Kumbe mu mudomo wa mashini kulikuwa punje moja ya mupunga iliyokwama tangu siku ya mwisho. Mvua ile ile iliyoleta kutu ikailowesha. Ikachipuka. Ikatoa majani kupitia mudomo wa mashini, na pori likasogea kando kidogo yapate jua, na asubuhi upepo ukipita majani yale yanatoa sauti, na mashini inajua ni sauti yake.

Hakuna aliyelia. Mutu mumoja akasema basi gaweni chakula.

Ukurasa moja! Ningekaa benchi ya nyuma, ningeuma kikwembe mu meno, mutoto wangu angekuwa mu radio. Miaka yote ile ya gunzi la mahindi, na siku sauti ya ukoo wetu iliposikika Kabambare yote, ilikuwa yangu. Faida alikaa muda hanisemeshi ila mambo ya maji na kuni, na mimi sikumulaumu.

Sasa anaandika ingine, ya daraja linalogombana na muto, maana konkuru itarudi. Nimeapa mbele yake, nimeapa na Mama Mwamini anasikia: nitakaa nyuma, mulangoni, mbali na kila kitu chenye waya, na sitatoa chozi mpaka niulize karatasi ngapi zimebaki. Nimemuomba neno moja tu nijitayarishe, aniambie kama mu hadithi hiyo kuna anayekufa.

Amekataa kunijibu.